Taulo Kwenye Mkuyu

Kwa mwaka mzima Adriano Lugembe alikodisha mbao za kusimamia majini na kuwafundisha watu kuzitumia, na yeye mwenyewe hakuwahi kusimama juu ya hata mmoja. Wateja hawakujua. Walikuja Jumamosi na Jumapili kutoka Tabora mjini, manesi, walimu, vijana wa benki na simu zao za kupigia picha, wakashuka kwenye bodaboda wakiwa wameanza kucheka tangu njiani, wakamkuta mzee mrefu aliyevaa kaptura na filimbi shingoni. Waliona filimbi wakaamini. Mtu akiwa na filimbi nani atamuuliza kama anajua kuogelea?

Bwawa lenyewe ni la reli. Lilichimbwa zamani, enzi za injini za mvuke, ili treni zikipita kijijini Mwasenga zijaze maji kabla ya kufika Tabora. Injini hizo zikafa, bwawa likabaki. Upande mmoja kuna mawe makubwa yaliyopandiana, upande wa pili miombo, na asubuhi maji yanatulia mpaka unaona mawingu ndani yake. Ni pazuri, hilo silikatai, ingawa sisi wenyeji miaka yote tulipaona ni mahali pa kunyweshea ng'ombe na kuvua kambare. Mpaka watu wa mjini walipoanza kulipa nauli kuja kupatazama ndipo na sisi tukainua macho.

Mbao zilikuwa za Bertila, mkewe Adriano. Walipokuja wapimaji wa reli mpya, Bertila aliwapikia kwenye kambi yao ng'ambo ya bwawa. Injinia mmoja mgeni alikuwa na mbao nne za kujazwa upepo, na kila Jumapili alisimama juu ya mmoja akapiga kafi taratibu kuzunguka bwawa, wapishi wote wakimcheka kutoka nchi kavu. Bertila hakucheka. Alizaliwa Bukene, lakini usichana wake aliumalizia Mwanza akilea watoto wa watu, na huko ziwani alijifunza kuogelea bila tajiri wake kujua. Aliomba apande. Alianguka mara tatu, ya nne akasimama, kanga imemganda miguuni, akavuka bwawa lote na kurudi. Kambi ilipovunjwa injinia alimwachia mbao zote nne, pamoja na makafi, majaketi ya kuelea na pampu ya mguu.

Ndivyo kazi ilivyoanza. Bertila alifundisha, Adriano alibeba. Alizitoa mbao stoo akazitwika kichwani, mbili mbili, mpaka ukingoni, akaziba matundu kwa solusheni na viraka vya baiskeli, kisha akaenda kusimama chini ya mkuyu na taulo jeupe mkononi. Kuingia majini, hapana. Maji yakimpita magoti alirudi nyuma. Alikuwa fundi mwashi, mtu aliyepanda minara ya makanisa bila kutetemeka, lakini mahali pasipo na sakafu palimshinda, na aibu hiyo aliificha kwa kujifanya ana kazi ya taulo. Jioni Bertila akitoka majini, taulo lipo. Miaka sita hakukosa hata siku moja.

Mtu wa tatu katika maisha yao alikuwa Zuena. Huyu ni Mzaramo, aliyeletwa Mwasenga na mume mfanyakazi wa reli. Mume alifariki, yeye akabaki, akiuza wali na kuku kwa abiria kwenye madirisha ya treni. Na Mzaramo na Mnyamwezi kama Adriano ni watani tangu babu wa Mnyamwezi alipokuwa akipita na pembe za ndovu begani kwenda pwani, na bibi wa Mzaramo akimuuzia maji njiani kwa bei ya wizi. Mtani haombi ruhusa. Akiingia kwako anafunua chungu. Zuena alimwita Adriano "mpagazi wangu," Adriano akamwita "mkwezi wa minazi," na jioni treni ikishapita Zuena alikuja bwawani, akakaa kwenye jiwe lake na kumwigiza Bertila. Alikuwa na kipaji kibaya. Aliitoa ile sauti nyembamba ya puani, na ile namna ya kusema "magoti, jamani, magoti" kana kwamba magoti ya wateja yamemkosea yeye binafsi, mpaka Bertila mwenyewe akapoteza usawa na kuanguka majini kwa kicheko.

Bertila alikufa mwaka juzi mwezi wa tisa, kwa kiharusi kilichompata jikoni kwake. Siku nne hospitali, ya tano makaburini.

Watani walikuja, kama inavyotakiwa. Kazi ya mtani msibani inajulikana: anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, analizuia jeneza, anadai faini, ili waliofiwa wapate mahali pa kupumulia. Hata mapadri wameshazoea. Zuena alitokea pale kaburini amevaa jaketi la kijani la Bertila, kafi mkononi, akapanda juu ya udongo uliochimbuliwa na kusema kwa sauti ile ile ya puani, "Adriano, mbona ubao wa leo una kifuniko? Nitapigaje kafi humu?"

Watu walianza kucheka huku machozi yakiwatiririka. Lakini Adriano hakuwa amelala siku tano. Alisikia sauti ya mkewe ikitoka kwenye kinywa cha mtu mwingine na kitu kikamkatika ndani. Alimrukia Zuena, akamvua jaketi kwa nguvu, akamsukuma, na Zuena akaanguka chali kwenye udongo wa kaburi.

Mtu husamehewa mengi msibani. Unaweza kulewa, unaweza kumtukana shemeji yako, unaweza kuuliza habari za shamba kabla uji haujapoa. Kumkasirikia mtani, hapana, hilo halina jina. Zuena aliinuka, akapangusa kanga yake, akaondoka, na watani wengine wote wakamfuata. Siku ya kuanua matanga hakukuwa na mtani wa kufagia uwanja wala wa kutawanya majivu ya moto wa msiba. Adriano aliyazoa mwenyewe kwa koleo. Wanawake wazee walimwambia msiba wake umebaki wazi, kisha wakachukua sufuria zao wakaenda.

Tangu hapo hakuna aliyemnunia. Ingekuwa nafuu wangemnunia. Walimheshimu. Akifika kwenye benchi la kahawa walimpisha nafasi kubwa, wakamwuliza hali ya afya, wakanyamaza. Waliopita nyumbani kwake walisimama nje ya ua wakaamkia na kuendelea na safari. Hakuna aliyemwambia tena kwamba kichwa chake kimebonyea kwa kubeba mbao, wala kwamba miguu yake imekonda kama ya korongo. Na Zuena, waliyelingana umri, alimwona dukani akainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo, mzee Adriano." Adriano aliitikia marahaba, akasahau alichokuja kununua.

Kazi aliendelea nayo kwa sababu hakujua kazi nyingine ya kufanya na mbao nne. Alifundisha akiwa nchi kavu. Aliwafunga wateja majaketi mpaka wakalalamika hawapumui, akawapigia filimbi wakienda mbali, akawaambia magoti yalegee na macho yatazame mbele. Hayo mawili ndiyo aliyoyakumbuka. Bertila alikuwa na maneno mengine mengi, lakini miaka yote sita Adriano alikuwa akiyasikia bila kuyasikiliza, kama mtu anavyosikia kuku wake mwenyewe.

Msiba ulipotimiza mwaka akaja nesi mmoja wa mjini aliyewahi kufundishwa na Bertila. Alipoambiwa habari alishika mdomo, akatoa simu, akasema ana video. Adriano aliipokea kwa mikono miwili. Bertila alikuwa pale, hai, maji yamemfika mapajani, ameshika mkia wa ubao na anaongea. Mdomo unakwenda. Kinachotoka ni wimbo, muziki wa vijana wa Dar, ngoma na kinanda, tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Sauti yake iko wapi?" Adriano aliuliza.

"Nilitoa, mzee. Upepo ulikuwa unavuma, nikaweka wimbo." Nesi akaona uso wake. "Samahani sana, mzee wangu."

Jioni ile, mbao zikiwa zimerudi stoo, Adriano alisimama chini ya mkuyu akajaribu kusema "magoti, jamani" kwa sauti ya Bertila. Ikatoka yake. Akajaribu kuisikia kichwani, hata neno moja, hata jina lake tu. Haikuja. Kulikuwa na mahali ambapo ilikuwa ikikaa, na pale sasa palikuwa kimya. Aliogopa kuliko alivyowahi kuyaogopa maji. Simu ya Bertila ilikuwa kitochi, ile ndogo ya vitufe, haikurekodi kitu. Katika dunia nzima ilibaki koo moja tu yenye sauti ile, na koo hilo alilisukuma makaburini mbele ya watu.

Binti yake Imakulata alipiga simu kutoka Mwanza kama kawaida ya Jumapili. "Baba umekula?"

"Nimekula."

"Umekwenda kwa mama Zuena?"

Kila Jumapili aliuliza hivyo, na kila Jumapili Adriano alisema mtandao unasumbua. Safari hii alisema, "Nitakwenda na kuku au na mbuzi?"

"Kuku anatosha, baba. Lakini nenda mchana, watu wakuone."

Akaenda mchana. Treni ilikuwa imesimama, wachuuzi wanakimbia na masinia yao, naye akasimama kwenye msururu wa abiria na jogoo kwapani, watu wote wa stesheni wakimtazama. Zamu yake ikafika.

"Shikamoo mzee," alisema Zuena. "Wali au ugali?"

"Zuena, usiniamkie."

"Nisipokuamkia nikuiteje? Nilikuwa na mtani hapa Mwasenga, sijui alikwenda wapi. Wewe mzee sikujui vizuri."

"Nimeleta faini."

Zuena alimpokea jogoo, akampapasa kifua, akamgeuza, akamwinua bawa moja. Hakutabasamu. "Jogoo mmoja, kwa kunilaza kaburini nikiwa na pumzi zangu? Ningechelewa kuinuka kidogo wangenifukia, wewe uokoe gharama."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajizuia. Adriano akasogea karibu. "Sema unachotaka. Mimi nimesahau sauti yake, Zuena. Imetoka kabisa. Natafuta usiku na mchana siipati."

Hapo Zuena aliweka sinia chini. Treni ilipiga honi, hakugeuka. "Jumapili baada ya misa yenu nitakuja na wenzangu kufagia," alisema polepole. "Na yeye nitakuja naye. Lakini hatakuja kumfundisha mtu aliyesimama nchi kavu na filimbi. Mpagazi atapanda ubao."

"Mimi maji..."

"Unayaogopa. Mwasenga nzima inajua. Mbuzi wanajua. Ulidhani lile taulo linamdanganya nani?"

Jumapili walikuja wanawake watatu, Zuena mbele, na mafagio. Walifagia uwanja kutoka mlangoni mpaka barabarani, wakamtukana Adriano kwa uchafu wa stoo yake, wakamwambia anaishi kama fisi aliyepata pensheni. Waliwasha moto, wakala jogoo, wakatawanya majivu. Adriano alitukanwa mchana kutwa na kila tusi lilimwingia mwilini kama chakula. Saa kumi na moja Zuena akasema, "Lete jaketi."

Alilitoa mwenyewe kwenye msumari. Kishikizo kilichokatika Bertila alikuwa amekifunga kwa uzi mwekundu, na uzi bado ulikuwapo. Alimvalisha Zuena kwa mikono yake, ile ile iliyomvua. Zuena aliingia majini mpaka magotini, akampa mgongo, akanawa uso. Alipogeuka alikuwa ameinua bega moja, lile la kushoto, kama Bertila.

"Baba Ima," alisema, kwa sauti nyembamba ya puani. "Unasubiri mialiko?"

Adriano aliingia. Maji yalimfika magotini, yakampita, akaendelea. Ile sauti ilikuwa ni yenyewe. Zuena hakukosea hata pumzi. Aliambiwa apige magoti juu ya ubao kwanza kama anakwenda kupokea komunyo. Aliambiwa kafi si koleo la zege, alishike juu. Aliambiwa asitazame miguu kwa sababu miguu haina jipya la kumwambia, atazame anakokwenda. Ndiyo, ndivyo Bertila alivyosema, yote hayo aliyasema kila siku, na Adriano alicheka na kulia huku amepiga magoti katikati ya ubao wenye viraka alivyovibandika mwenyewe. Akasimama. Akaanguka. Maji yakamwingia puani, akadhani amekufa, mkono ukamshika ukosi ukamwinua.

"Magoti, jamani, magoti!"

Mara ya pili akasimama akabaki amesimama. Alipiga kafi mara nne, tano, Zuena akimfuata maji kifuani, kamba ya ubao mkononi. Ukingo ukawa mbali na yeye yu hai.

"Haya, geuka utazame ulikotoka."

Aligeuza ubao kwa shida. Jua lilikuwa linazama upande ule wa mkuyu na maji yote yalikuwa yanawaka.

"Unaona nini?"

"Sioni kitu. Jua tu."

"Ndivyo nilivyoona mimi kila jioni," ilisema ile sauti pembeni yake. "Jua na maji, nchi sijui iko wapi. Natafuta kitu cheupe. Nikishakiona, nakielekea hicho hicho. Wateja waliniuliza, mama, mumeo mbona haingii? Nikawaambia, akiingia yeye, mimi nitarudije?"

Adriano hakuthubutu kugeuza kichwa. "Bertila," alisema, "ulisema hivyo kweli?"

"Muulize Zuena. Alikuwapo, kwenye jiwe lake."

Akalia pale pale juu ya ubao, kwa sauti, kama hakuwahi kulia makaburini, na kweli hakuwahi. Hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza Zuena alimvuta kwa kamba mpaka ukingoni, akafungua ule uzi mwekundu, akavua jaketi, akanawa uso tena kwa maji ya bwawa.

"Basi," alisema kwa sauti yake mwenyewe, nzito ya kuitia abiria. "Amekwenda."

"Mara moja tena, Zuena. Aniite tu jina."

Zuena alimtazama kwa huruma, na huruma ya mtani ni jambo la nadra. "Hapana, mpagazi wangu. Nimemleta aage, sikumleta akae. Nikimwita tena kesho nitakuwa namfanya kikaragosi." Akampa jaketi, akachukua fagio lake na wenzake, wakaondoka wakiongea kwa sauti.

Msiba ukawa umefungwa. Kwenye benchi la kahawa walianza kumbana nafasi na kumwuliza kama samaki walimwona chupi. Alifurahi, tusiseme uongo, alifurahi sana. Lakini benchi la kahawa lina saa zake, na jioni kila mtu ana nyumba ya kurudi. Ya Adriano ilikuwa imefagiwa vizuri na haina mtu.

Siku moja ya katikati ya wiki, hakuna wateja, alitwika ubao akaenda peke yake. Alipiga kafi mpaka katikati, akajisifu kidogo, akageuka kurudi. Jua lilimpiga usoni. Alitafuta ukingo akaona mng'ao tu. Akatafuta cheupe, kwa mazoea ambayo hayakuwa hata yake, na cheupe hakikuwapo kwa sababu aliyekuwa akikishika ndiye huyu aliyekuwa juu ya maji. Alikwenda kwa kubahatisha, akaishia kwenye matete mbali kabisa upande wa mawe, akarudi kwa miguu na ubao kichwani na matope mpaka kiunoni.

Zuena alikuwa amekaa kwenye jiwe lake. "Mpagazi! Umekwenda umebebwa, umerudi umebeba?"

"Sikuona nchi," alisema Adriano.

Safari hii Zuena hakutania. Alisogea kidogo kwenye jiwe akampa nafasi, wakakaa mpaka alipolazimika kwenda kuandaa wali wa treni ya alfajiri.

Kesho yake jioni Adriano alilitoa taulo sandukuni. Lilikuwa limeanza kuwa njano, akalifua, akalitia buluu kidogo lirudie weupe. Alilifunga kwenye tawi la mkuyu lililoelekea majini, akafunga fundo la pili kwa ajili ya upepo, kisha akaingia na ubao wake. Katikati ya bwawa aligeuka. Mng'ao ulikuwa ule ule, na ndani yake, padogo, palikuwa na kitu cheupe kinacheza. Akakielekea hicho hicho mpaka ubao ukagusa mchanga. Akatoka majini akitetemeka kwa baridi, akafungua mafundo yote mawili, akajifuta.